Nauli ya Jumanne: jinsi ya kupata sadaka ndani ya matumizi ya kila siku

Kila Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, tuktuk husimama mlangoni kwa jirani yetu hapa Mtongwe, Mombasa. Humchukua bibi mmoja na mwanawe, ikateremka nao feri, ikavuka hadi hospitalini kule kisiwani. Figo za bibi huyo zimeacha kufanya kazi. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, damu yake husafishwa kwa mashine, na kila mara hulala pale kama saa nne. Matibabu yenyewe hulipwa na bima ya serikali, zamani NHIF na tangu Oktoba 2024 SHA. Kisichokuwa na bima ni njia. Mtu aliyetoka kwenye mashine ile hana nguvu ya kusimama kwenye foleni ya Likoni akisukumwa na umati, wala ya kubanwa kwenye matatu. Feri haimtozi kitu mtu wa miguu, lakini miguu yenyewe ndiyo hana. Tuktuk ni shilingi 400 kwenda na 400 kurudi.

Ijumaa hulipa mwanawe. Jumanne ni yangu.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nina watoto watatu, na mume wangu ni fundi wa majokofu ambaye mwezi huu kazi humjia na mwezi ujao zikapotea. Hatukuwa na shilingi 800 za wiki zilizokaa mahali zikisubiri kazi. Nilizitoa ndani ya pesa zilizokuwa zikinitoka kila siku bila mimi kuziona. Wengi wameniuliza nilifanyaje, na wengi wamejaribu wakakwama palepale nilipokwama mimi mwanzo, kwa hivyo naeleza yote, pamoja na nilipokosea.

Anza na bei ya kitu unachotaka kukitoa

Usiseme "nataka kutoa sadaka zaidi mwaka huu." Maneno hayo hayana bei, na kisicho na bei hakiwezi kushindana na soda baridi saa nane mchana. Tafuta haja moja unayoijua, uliza gharama yake, uiandike. Kwangu ilikuwa siku moja ya tuktuk, shilingi 800. Kwako inaweza kuwa sare ya shule ya mtoto fulani, mtungi wa gesi kwa mama aliyejifungua, au mitungi ya maji kwa mzee asiyeweza kuyafuata wakati mifereji ya mtaa imekauka. Ikiwa kuna jamaa yako mwenye haja, anza naye. Mtume alisema sadaka kwa jamaa huhesabiwa mara mbili, sadaka na kuunga udugu.

Ukishakuwa na bei, kila matumizi unaweza kuyapima kwayo. Soda mbili kwa siku, siku nane, ni Jumanne moja ya bibi. Hesabu hiyo ndiyo iliyonibadilisha mimi, kuliko mawaidha yote niliyowahi kuyasikia.

Na Waislamu wenzangu, tusichanganye hapa. Zaka ni haki ya watu iliyomo ndani ya mali yako: asilimia mbili na nusu, ikiwa mali imefika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na imekaa mwaka mzima wa Kiislamu. Hiyo huitafuti kwa kuacha soda, ni deni. Ninayozungumzia hapa ni sadaka ya hiari. Mwenzangu wa ofisini ni Mkristo, yeye hutoa fungu la kumi kanisani kisha hufanya haya haya ninayoyafanya kwa pesa iliyobaki, na daftari zetu tunalinganisha.

Siku kumi na nne za daftari

Nilinunua daftari dogo la shilingi 20, nikaandika kila shilingi iliyonitoka kwa majuma mawili. Sikuacha kitu chochote siku hizo. Ukianza kuacha kabla hujaandika, utaacha kisichofaa.

Nilidhani tatizo langu ni chakula cha mchana. Daftari likasema vingine. Maji ya chupa na soda, 640. Bodaboda kutoka stejini hadi nyumbani, 450. Kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa mara sita, shilingi 29 kila mara, jumla 174. Ada za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na za Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, 187. Yote kwa pamoja 1,451: Jumanne mbili kasoro shilingi 149, na hakuna hata kimoja hapo ambacho mtoto wangu angelala njaa nikikiacha.

Hizo ada ndizo zilizonichoma zaidi. Maji ya chupa angalau niliyanywa. Lakini ukikopa muda wa maongezi wa shilingi 100 kwa Okoa Jahazi, unapewa 90. Fuliza nayo hukukata asilimia moja mara unapoichukua, kisha ada ya kila siku mpaka uilipe, na mshahara ukiingia tu huwa ya kwanza kujichukulia haki yake. Nilikuwa nalipia haraka yangu tu. Nikaanza kununua bando la wiki Jumapili badala ya la siku kila asubuhi. Kwa mama wa mboga na duka la mtaa nikaanza kulipa kwa namba ya till, ambayo haimkati mnunuzi, badala ya kwenda kwa wakala kutoa mia mbili mbili. Fuliza nilichukua miezi miwili kuimaliza, nikapunguza deni kidogo kidogo kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa, kisha nikajiondoa. Kwa yeyote anayetaka kutoa sadaka akiwa na Fuliza inayozunguka kila mwezi, rai yangu ni moja: lipa deni kwanza. Deni lina haki kabla ya sadaka ya hiari.

Nilipokosea

Mwezi wa kwanza niliacha vitu kwa uaminifu. Kila nilipoacha kitu niliandika: soda 50, boda 50, maji 40. Mwisho wa mwezi daftari likasoma shilingi 1,900. Nikafungua pochi, nikakuta 240.

Nilikaa kitandani nikahesabu tena na tena. Hakuna aliyeniibia. Zile hamsini nilizoziacha dukani saa nane zilibaki kwenye pochi, na saa kumi na mbili zikanunua viazi karai. Arobaini za maji zikawa bando. Nilikuwa nimeacha vitu, lakini pesa sikuwa nimeihamisha. Jumanne ile mwanawe bibi alimleta kwa matatu, na jioni nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amelala mkekani, miguu imevimba, hana hata nguvu ya kuitikia salamu. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu ahadi yangu. Mie mwenyewe nilijua.

Tangu siku ile sheria yangu ni hii, na ukisahau yote mengine shika hili: pesa ya kitu ulichokiacha ihame saa ile ile, ukiwa bado umesimama pale ulipokiacha. Si jioni, wala mwisho wa wiki.

Namna ya kuihamisha ni rahisi. Nina laini ya pili ya M-Pesa ndani ya kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya zamani, iliyofungiwa kabatini nyumbani. Kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada, kwa hivyo nikiacha soda ya 50 naituma 50 huko papo hapo, bure. Laini hiyo sikuiunga na Fuliza hata siku moja, maana pesa ikiingia kwenye laini yenye deni la Fuliza inamezwa kabla hujaiona. Namba yake nimeihifadhi kwenye simu yangu kwa jina "Jumanne." Nikituma naisoma: tuma pesa kwa Jumanne. Simu iko Mtongwe, mimi niko mjini, hata nikishikwa na tamaa siwezi kuifikia.

Kuna wanaopenda kopo la bati. Nilijaribu. Kopo liko karibu mno na jiko, na gesi ikiisha usiku utalifungua. Kuna pia akaunti za kufunga akiba kwenye simu, lakini zina riba ndani yake, na mimi sitaki sadaka yangu iguse riba. Kila mtu na dini yake, ila usiiweke pesa mahali unapopita mkono kila siku.

Nilichokiacha na nilichokataa kukiacha

Maji ya chupa yameisha kabisa. Natoka nyumbani na chupa yangu, na ofisini tuna mtungi mkubwa ambao siku zote nilikuwa nikiupita. Soda nimebakisha moja ya Ijumaa, baada ya pilau.

Boda nimeiacha asubuhi tu. Kutoka nyumbani hadi stejini ni mwendo wa dakika kumi na tano, na asubuhi njia imejaa watoto wa shule. Jioni nikichelewa kuvuka na giza limeingia, napanda. Mwanamke asitembee peke yake gizani ili apate hamsini ya sadaka. Usalama wako usiuweke kwenye daftari.

Mahamri na mbaazi za asubuhi nilizifikiria sana. Pale chini ya ofisi yetu kuna mama anayeuza tangu alfajiri, mahamri yake yana iliki ya kweli na mbaazi zake zimeshiba nazi. Kwa siku hunila kama 90. Ningeyapika nyumbani ningeokoa zaidi ya nusu. Lakini mama yule anasomesha kwa karai lile, na nikimnyang'anya riziki ili nimpe mwengine sadaka nitakuwa nimehamisha shida kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwa hivyo nimebaki naye. Chai ndiyo natoka nayo nyumbani kwenye chupa. Kwa sababu hiyo hiyo siendi Marikiti wala Kongowea kubana bei kwa mchuuzi wa mchicha mpaka apate hasara, kisha nikajisifu kwamba nimeweka ishirini ya Mungu. Kata kwenye ada, kwenye haraka, kwenye vitu vya kiwandani ulivyovizoea. Mnyonge mwenzako muache na faida yake.

Chakula cha nyumbani sikukipunguza, nilikibadilisha kwa majira. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, samaki huwa wengi na changu hushuka bei. Tunakula samaki mpaka watoto wanachoka. Kusi ikiingia bahari huchafuka, na mtu anayeng'ang'ania samaki mbichi wakati huo anajiumiza. Hapo tunakula ng'onda, kunde, mbaazi, mchicha wa nazi. Bibi zetu waliishi hivyo na hakuna aliyeita dhiki. Sukari na mchele nimeacha kununua kwa robo. Nikipata mshahara nanunua wa mwezi mzima.

Watoto sikuwagusa, ila niliwaeleza. Jumapili moja kwa mwezi huvuka nao hadi bustani ya Mama Ngina, wakala muhogo wa kukaanga na kachri wakitazama meli zinavyoingia bandarini. Matembezi hayo yamebaki. Binti yangu mkubwa ndiye aliyesema mwenyewe tubebe sharbati ya ukwaju kutoka nyumbani, na ile pesa ya juisi akaomba aitume yeye kwa mkono wake.

Sare za harusi

Hili nalitenga, kwa sababu kwetu Mombasa ndilo linalokula pesa ya wanawake kuliko soda na boda zote, na hatulisemi kwa kuoneana haya. Mwaka mmoja nilihesabu sare nne: ya siku ya kupamba bi harusi, ya harusi ya binamu, ya mwenzetu wa chama, na ya walima wa jirani. Kitambaa, ushoni, na mtandio wa kufanana, kila moja haikupungua shilingi 2,500. Elfu kumi, yaani Jumanne kumi na mbili na nusu. Nguo zenyewe nilizivaa mara moja moja, na tatu kati yake ziko sandukuni mpaka leo.

Kuikataa sare si jambo dogo. Sare ni kusema "mimi ni wenu." Ukikaa kimya ukaja na nguo nyengine, watu watasema umejitenga, na mama wa bi harusi ataona umemvunjia heshima. Mara ya kwanza nilifanya vibaya: nilingoja mpaka siku ile, nikafika na dera langu la zamani, na khala yangu hakunisemesha kwa wiki mbili. Alikuwa na haki, kwa sababu sikumwambia.

Sasa hufanya hivi. Mara tu habari ya sare inapofika, nakwenda mwenyewe kwa mama mwenye shughuli, si kwa simu. Nakaa naye, nanywa chai yake, namwambia: "Khala, furaha yako ni yangu na kazi zote nitafanya, lakini mwaka huu sare nimejiwekea moja tu, na pesa ya nyengine ina mgonjwa wake." Kisha natimiza. Nafika mapema, nakata vitunguu vya biriani, naosha masufuria, naondoka wa mwisho. Kwa tunzo, nampa bi harusi leso moja ya doti kutoka Mtaa wa Biashara. Mara ya mwisho nilichagua iliyoandikwa "Kutoa ni moyo usambe ni utajiri," na khala yangu aliisoma kwa sauti mbele ya wanawake wote, akanishika mkono. Mwaka uliofuata ni yeye aliyependekeza kwa ukoo wetu kwamba sare ya kupamba ya harusi moja irudiwe kwenye harusi ya pili. Tukakubaliana. Kwa hilo peke yake wanawake tisa walibakiwa na pesa, na wanne kati yao sasa wana Jumanne zao.

Kabla ya Ramadhani kuna vunja jungu. Tunapika bado, tunakula pamoja bado, ila nyumba zetu tatu za jirani tunapika sufuria moja badala ya tatu.

Namna ya kuifikisha

Pesa siipeleki mkononi kwa bibi. Namlipa dereva wa tuktuk moja kwa moja, Jumatatu jioni, shilingi 800 kwa mara moja, kutoka kwenye ile kabambe. Bibi hajawahi kunisikia nikitaja kiasi, na tukikutana uani tunazungumza habari za mjukuu wake na bei ya nazi. Sipigi picha, na wala sitaki mtu apigwe picha akipokea nauli ya kwenda hospitali. Kwanza nilimwomba mwanawe ruhusa, faraghani, nikamwambia ni ya majirani. Kama angekataa ningetafuta njia nyengine, kwa sababu mtu ana haki ya kukataa msaada.

Ukiamua kutoa kupitia kikundi au shirika badala ya mtu unayemjua, fanya kazi ndogo kwanza. Uliza cheti cha usajili. Kabla ya kuthibitisha malipo soma jina linalotokea kwenye simu: liwe jina la shirika, lisiwe la mtu binafsi. Nenda ukaone kazi yao kwa macho yako kama iko hapa mjini. Wanaofanya kazi ya kweli hufurahi kutembelewa.

Na mweleze mwenzako wa nyumbani tangu mwanzo. Mume wangu alidhani namficha pesa, mpaka nilipomwonyesha kabambe na daftari. Tangu hapo, akipata kazi ya jokofu hutuma mia moja moja bila kuulizwa.

Januari ndiyo mtihani. Ada, vitabu, viatu, yote kwa pamoja, na laini ya Jumanne hukauka. Usiifunge. Tuma hata shilingi 10, ili mkono usisahau njia. Januari iliyopita nilituma kumi kumi kwa siku kumi na tisa, 190 kwa mwezi mzima. Nikamwambia mwenzangu wa ofisini mapema, mwanzoni mwa mwezi, kwamba Jumanne zangu zina pengo. Akachukua mbili, dereva akakubali kungoja malipo ya moja, na ya nne mume wangu akamsindikiza bibi kwa gari la mteja aliyekuwa akivuka alfajiri ile. Februari tarehe nne nilimlipa dereva deni lake.